Ngazi ya Cheo na Umri wa Mti: Kazi ya Mwanaikolojia katika Chuo Kikuu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu anavyoingia na kuendelea katika kazi ya kufundisha na kutafiti ikolojia na bayolojia ya hifadhi katika vyuo vikuu vya Kongo. Ikolojia ni elimu ya mahusiano baina ya viumbe na mahali vinapoishi. Bayolojia ya hifadhi huitumia elimu hiyo ili kuvinusuru viumbe vilivyo hatarini. Mfano wetu ni Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kuanza kujitegemea mwaka 1981. Hoja yetu ni moja: cheo cha mtafiti huhesabiwa kwa miaka, lakini maisha ya msitu huhesabiwa kwa vizazi. Kwa hiyo kazi hii haisimami ila chuo kikitunza vile vitu vinavyomzidi mtafiti umri.

1. Ngazi ya vyeo

Mwanafunzi huanza na shahada ya kwanza, kisha shahada ya uzamili. Akifaulu vizuri, na nafasi ikiwapo, huajiriwa kuwa asistenti. Asistenti huwasaidia maprofesa, husimamia mazoezi ya maabara na huwaongoza wanafunzi wanapokwenda msituni. Baada ya kutumikia muda uliowekwa na kuchapisha makala, hupandishwa kuwa mkuu wa kazi. Hao wawili, asistenti na mkuu wa kazi, huhesabiwa kuwa watumishi wa kisayansi.

Mlango wa kundi la pili, yaani la maprofesa, hufunguliwa kwa kutetea tasnifu ya udaktari. Mwenye kuupita huwa profesa mshiriki, halafu profesa, na hatimaye profesa kamili. Katika kila hatua hutazamwa miaka ya utumishi na machapisho. Kanuni hizi ni zilezile kwa mwanaikolojia, mwanahistoria na mwanaisimu. Tofauti iko katika kitu kinachotafitiwa.

2. Msitu haungoji wala hauharakishwi

Mtu akitaka kujua kama idadi ya mti fulani inapungua, hawezi kuupima mara moja akaondoka. Sharti aupime, aurudie baada ya miaka kadhaa, kisha aurudie tena. Katika msitu wa Ituri, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyoundwa mwaka 1992, vipande vinne vya hekta 10 kila kimoja vilianza kupimwa mwaka 1994. Viwili viko Edoro, penye msitu wa miti mchanganyiko. Viwili viko Lenda, panapotawaliwa na mti ambao wenyeji huuita mbau. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 1 au zaidi ulitiwa namba, ukapimwa na kuandikwa katika ramani. Mwanafunzi wa udaktari asiyekuwa na kumbukumbu za namna hiyo atatetea tasnifu yake kabla msitu haujamjibu swali lake.

Mfano wa pili ni Yangambi, kwenye ukingo wa Mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani. Kituo cha utafiti cha huko ni cha tangu miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1958, watumishi wake waliandika ni lini miti ilichanua, ilizaa na kupukutisha majani, wakifuatilia miti ipatayo 2000. Daftari hizo zilikaa miongo mingi bila kutumiwa. Tangu miaka ya 2010 zimenakiliwa katika kompyuta, na leo zinawasaidia watafiti kuelewa majira ya msitu wakati ambapo hali ya hewa inabadilika. Walioziandika hawakupata cheo kwa ajili ya utafiti huo wa leo. Lakini bila wao usingewezekana.

3. Kumbukumbu na mlinzi wake

Vitu vya namna hiyo havijilindi vyenyewe. Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea aliyesoma Kisangani, alikuwa kazini Epulu wakati vita vilipoifikia Hifadhi ya Okapi. Wenzake wengi walipolazimika kuondoka, yeye alibaki, akaificha mikusanyo ya mimea iliyokaushwa pamoja na kumbukumbu za utafiti. Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2010 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, kwa tasnifu iliyohusu mimea ya kamba ipandayo miti ya Ituri, ambayo vipimo vyake vilianza mwaka 1994. Hapa uhusiano wa cheo na kumbukumbu uko wazi: kama daftari zingeteketea, tasnifu nayo ingeteketea kabla haijaandikwa.

Hata hivyo si haki kuuachia ushujaa wa mtu mmoja kazi ambayo ni ya taasisi. Chumba kikavu cha kuwekea mimea, nakala za daftari mahali pawili, mshahara wa mtunzaji: mambo haya hayaonekani katika orodha ya machapisho ya mtu yeyote, lakini machapisho yote hutegemea hayo.

4. Lugha ya kazi na lugha ya cheo

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa taaluma za Kiswahili. Huko Ituri, mtafiti na waongozaji wake husemezana kwa Kiswahili wakitafuta nyayo, wakitaja miti na kukadiria umri wa kinyesi cha mnyama. Kisha matokeo huchapishwa kwa Kifaransa au Kiingereza, maana ndizo lugha zinazompandisha mtu cheo. Mwongozaji aliyeutambua mbau kwa gamba na harufu yake hapati njia ya kusoma yaliyotokana na maarifa yake. Hasara si yake peke yake: kosa ambalo yeye angeliona mara moja laweza kubaki katika makala kwa miaka mingi.

Tiba yake haina gharama kubwa. Kila tasnifu ya ikolojia ingeweza kuwa na muhtasari wa Kiswahili, pamoja na orodha ya majina ya viumbe kama yalivyotajwa na wenyeji. Idara za lugha zingeweza kusaidia kuyasanifu maneno hayo, na wanafunzi wetu wangepata humo mada nzuri za utafiti.

Hitimisho

Tumeona kwamba ngazi ya mwanaikolojia ina vipandio vilevile vya wenzake, lakini imeegemezwa kwenye vipande vya msitu, mikusanyo ya mimea na daftari za waliotangulia. Kijana anayeichagua kazi hii na aulize swali moja zaidi ya lile la cheo: nitakapostaafu, nitakuwa nimeacha kipimo gani ambacho mwingine ataweza kukirudia? Chuo nacho kinapompandisha mtu cheo, na kiangalie yale aliyoyatunza pamoja na yale aliyoyachapisha.