Je, Wajua? Ngisi Mweupe wa Mario

Waliokulia kwenye kaseti za gemu nyingi kwa moja wanamjua kwa sura: ngisi mweupe mwenye macho makubwa, anapanda na kushuka majini kama asiye na haraka. Jina lake ni Blooper. Alianza kuwaudhi watu tarehe 13 Septemba 1985, siku kampuni ya Nintendo ilipoanza kuuza Super Mario Bros. huko Japani.

Je, wajua kuwa Wajapani hawamwiti Blooper? Kwao ni Gesso. Jina limetokana na geso, neno la wauza sushi kwa mikono ya ngisi inapoletwa mezani. Na geso nayo ni kifupi cha gesoku, viatu vilivyovuliwa mlangoni. Kwa hiyo ukilifuata jina lake hadi mwisho unaishia kwenye ndara za wateja.

Je, wajua kuwa kijitabu cha Kiingereza kilichoambatana na kaseti kiliandika Bloober, kwa b mbili? Blooper kwa Kiingereza ni kosa la kuchekesha linalofanyika mbele za watu. Walikosea kuandika neno lenye maana ya kosa. Sijui kama kuna aliyecheka wakati huo, lakini mimi nacheka hadi leo.

Je, wajua kwa nini hatua ya 2-2 (ya pili katika dunia ya pili) huwatoa jasho hata waliopita 1-1 wakiwa wamefumba macho? Nchi kavu, silaha ya Mario ni miguu yake: ruka, kanyaga, endelea. Lakini 2-2 iko majini, na humo ananyang'anywa silaha hiyo. Ukimwangukia ngisi kichwani, unayeumia ni wewe. Kama hukuja na nguvu ya ua la moto ili umrushie mipira ya moto, huna jingine ila kumkwepa. Na kumkwepa kwenyewe kuna kazi, kwa sababu kila ukibonyeza kitufe Mario anajisukuma mara moja tu kupanda, na ukikiacha anazama taratibu kuelekea mashimo yanayovuta chini.

Je, wajua kuwa ngisi huyu hakuoni kila wakati? Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Mashine iliyochezesha kaseti hizo ilichora takriban picha 60 kwa sekunde. Katika kila picha, programu ya Blooper huchezesha kamari ndogo: nafasi 1 kati ya 64 ya kuamua upya aelekee upande gani. Asipobahatika, anaendelea na safari yake ya zamani hata kama wewe umeshahama. Ndiyo maana anaonekana mzembe, halafu ghafla anakugeukia.

Ukifika hatua ya 5-3 kamari inabadilika kimyakimya na kuwa nafasi 1 kati ya 4. Umbo ni lile lile, rangi ni ile ile, wala hakuna tangazo. Ukifika 7-2, bahari ambayo ukiitazama ni ile ya 2-2, unajilaumu kwamba vidole vimechoka. Vidole havina kosa. Ngisi ndiye aliyeacha uzembe.

Kuna ujanja mwingine juu ya huo. Baadhi yao wakibahatika huangalia ulipo. Wengine huangalia unakoelekea, wakaelekea huko huko. Kwa hiyo wakija wawili pamoja, mmoja anaweza kukufuata na mwenzake kukuongoza, na wewe ukadhani wamepanga njama. Hakuna njama yoyote. Ni mistari michache tu ya maelekezo ndani ya kaseti ambamo gemu nzima, picha kwa muziki, ilitoshea kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako ya leo haitoshei humo.

Je, wajua kuwa kupanda na kushuka kwake pia si kwa kubahatisha? Hushuka wima, polepole, na anapokaribia kichwa chako tu ndipo hujikunja na kuchupa tena kwa mshazari. Kimo chake cha kugeukia anakipima kwako.

Je, wajua kuwa muziki unaosikika wakati akikukimbiza ni waltz, dansi ya mapigo matatu? Mtunzi wake ni Koji Kondo. Watu wanazama huku dansi inapigwa.

Je, wajua kuwa ngisi wa kweli ana viungo 10 vya kushikia, mikono minane na minyiri miwili mirefu, pamoja na mioyo mitatu na damu ya buluu? Blooper wa siku hizi huchorwa na mikono minne tu. Mvuvi wa Unguja angeuliza iliyobaki kala nani. Lakini mwendo wake wachoraji waliupatia: ngisi hujisukuma kwa kutema maji, hutangulia upande wa mapezi huku mikono ikifuata nyuma, kisha hutulia, kisha husukuma tena.

Je, wajua kuwa mwaka 1986, katika gemu iliyouzwa Japani kama Super Mario Bros. 2, ngisi hawa walitoka majini wakaelea hewani? Huko angalau ukiwakanyaga wanakufa. Mwaka 1988, kwenye Super Mario Bros. 3, akaja mmoja anayeburuta watoto nyuma yake. Kwenye Super Mario World ya 1990 na Super Mario 64 hakuonekana kabisa. Mwaka 2002, ndani ya Super Mario Sunshine, alirudi kwa namna kadhaa, akiwemo mdogo unayempanda na kuteleza naye juu ya maji, na jitu la bandarini ambalo unalivuta mikono hadi ikatike. Mario Kart DS ya 2005 ikamfanya silaha, akawa anawamwagia wino waliokutangulia ili wasione barabara. Na 2007, kwenye Mario Party 8, ukaweza kumchagua ucheze naye. Kwangu mimi ule wino ndio kazi yake bora, kwa sababu hapo pia anafanya kitu ambacho ngisi hufanya kweli.

Je, wajua kuna bahari yake isiyo na mwisho? Mwishoni mwa 1-2, ukipenya ukuta kwa hila na kuingia bomba kabla mashine haijapakia namba sahihi, unatupwa kwenye dunia ambayo skrini inaiandika -1. Ukweli ni dunia ya 36. Namba hiyo ni ya kigae kitupu, ndiyo maana mbele ya kistari huoni kitu. Katika toleo la kaseti, humo ni bahari ile ile ya 2-2 na 7-2, ngisi wale wale, ila bomba la kutokea linakurudisha mwanzo. Unaogelea tena, na tena, hadi saa iishe na Mario afe, kisha unaanzia hapo hapo. Ukijikuta humo, usihangaike kutafuta njia. Zima mashine.