Pikipiki ya stima: Ushuru umepunguzwa, lakini afueni imefika mfukoni mwako?

Boda iliyokubeba leo kutoka Lurambi hadi mjini Kakamega ni mtoto wa bajeti. Zamani wahudumu wa huku Magharibi walikuwa wa baiskeli: kiti cha sponji nyuma, jasho usoni. Kisha, karibu mwaka wa 2008, serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, chini ya 250cc. Pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini zilipanda kutoka takriban 16,000 mwaka wa 2007 hadi zaidi ya 91,000 mwaka wa 2009.

Hakuna aliyewahubiria vijana waache baiskeli. Bei ilishuka, wakapiga hesabu, wakahama.

Sasa serikali inajaribu mbinu ileile kwa pikipiki za stima. Na kama wewe ni kijana unayesaka riziki barabarani, au una akiba kidogo unataka kuiwekeza kwa boda, lazima upige hesabu yako mwenyewe kabla ya kuweka sahihi popote.

Ni nini kilipunguzwa?

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka pikipiki za umeme na betri za lithiamu kwenye orodha ya bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia sifuri. Pia iliziondolea pikipiki hizo ushuru wa bidhaa, ambao kwa pikipiki ya petroli inayoletwa ikiwa tayari imeundwa ulikuwa karibu Sh13,000 kwa kila moja.

Hiyo ni pesa ngapi kwako? Tuseme pikipiki imefika dukani kwa Sh150,000, na tuweke kando ushuru wa forodha na gharama nyingine. Ingetozwa kama ya petroli, ungeongeza Sh13,000, ifike Sh163,000. Juu yake ungeweka VAT ya asilimia 16, takriban Sh26,000. Jumla Sh189,000. Afueni yako basi ni kama Sh39,000. Kwa anayeweka kando Sh300 kila siku, hiyo ni akiba ya siku 130. Si pesa ya kudharau.

Afadhali iondolewe dukani

Marekani walitumia njia nyingine. Kwa miaka mingi mnunuzi wa gari jipya la umeme aliweza kukatiwa hadi dola 7,500, lakini kutoka kwa kodi yake ya mapato. Kama kodi yako ya mwaka ilikuwa dola 4,000 tu, basi ulisamehewa 4,000, zilizobaki zikapotea. Mwenye mshahara mnono ndiye aliyefaidi zaidi. Ni mwaka wa 2024 tu ndipo wanunuzi waliruhusiwa kuhamishia punguzo hilo kwa muuzaji na kulipata papo hapo. Kisha Septemba 30, 2025, mpango wote ukafungwa.

Hebu fikiria njia hiyo stejini Kakamega. Mwanaboda anayeishi kwa pesa ya siku angekatiwa kodi gani ya mapato? Kwa hivyo, kupunguza ushuru kwenye bei yenyewe kunamfaa zaidi mtu wa kawaida. Lakini njia hii nayo ina shimo lake: afueni hupitia kwanza mikononi mwa mwagizaji na muuzaji. Ukiona bei haijashuka, uliza kwa nini. Linganisha maduka mawili au matatu, na usione haya.

Mkopo unaweza kuimeza

Wengi wetu hatununui kwa pesa taslimu. Tunalipa kila siku. Sasa tuseme ile pikipiki ya Sh150,000 unapewa kwa mkopo wa Sh400 kila siku, kwa siku 540. Zidisha: Sh216,000. Umelipa Sh66,000 juu ya bei. Ile afueni ya Sh39,000 imeliwa yote, na bado mkopo unadai nyongeza.

Usisikize tu "ni mia nne kwa siku, msee." Uliza jumla.

Kisha uliza betri ni ya nani. Kuna kampuni zinazokuuzia pikipiki bila betri; unabadilisha betri kwenye vituo vyao na kulipa kila mara. Bei ya mwanzo inapendeza, na betri ikichoka si mzigo wako. Lakini ukibeba abiria hadi Shinyalu au Butere na kituo kiko mjini pekee, utarudi ukisukuma. Hapo hakuna ushuru uliosamehewa utakaokusaidia. Ramani ya vituo ni muhimu kama bei.

Stima ya Sh8 ni ya nani?

Mwaka wa 2023 pia, mamlaka ya kawi, EPRA, ilianzisha bei maalum ya umeme wa kuchaji: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ni ya chini, kabla ya kodi na makato mengine. Betri ya uniti tatu kwa Sh8 ni Sh24. Tamu, sivyo?

Tatizo ni kwamba bei hiyo iliwekewa akaunti zinazotumia kati ya uniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Wewe peke yako, uniti tatu kwa siku, siku 26, ni uniti 78. Hufiki. Ukichomeka nyumbani unalipa bei ya nyumbani. Lakini wanaboda watano wakichangia mita moja ya kuchajia wanafika uniti 390. Kwa hivyo chama chenu cha steji kinaweza kupata kile ambacho mtu mmoja hapati. Leteni hoja hiyo mkutanoni.

Kinachotolewa Juni kinaweza kurudishwa Juni

Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliowatoa vijana barabarani, ulikuwa na pendekezo la kurudisha VAT ya asilimia 16 kwa pikipiki za umeme na kuongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Rais Ruto alikataa kuutia sahihi Juni 26, na pendekezo likafa nao. Mwaka uliofuata mswada mwingine ulitaka zihamishwe kutoka VAT sifuri hadi orodha ya bidhaa zisizotozwa VAT. Sikioni ni kitu kimoja, ila kwenye vitabu sivyo: muuzaji wa VAT sifuri hurudishiwa kodi aliyolipia gharama zake, yule mwingine harudishiwi, na mara nyingi huificha ndani ya bei yako.

Kwa hivyo usinunue pikipiki kwa sababu ya ushuru peke yake. Inunue ikiwa hesabu yako ya siku inasimama: mapato, ukitoa malipo ya mkopo, ukitoa betri au chaji, yakibakisha zaidi ya yanayobaki kwa petroli. Andika nambari hizo kwenye karatasi, siyo kichwani. Zikikubali, basi afueni ya ushuru ni baraka juu yake. Zikikataa, ngoja.