Talaka si mwisho wa maisha: namna ya kuinuka upya baada ya kuachana



Katika kazi yangu ya uuguzi, nyumbani na ng'ambo, nimewapokea watu wetu wengi wenye malalamiko yanayofanana: kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Vipimo vinatoka vizuri. Ukimuuliza mtu taratibu, anainamisha macho: "Tumeachana." Leo tulizungumze hilo.

Kwanza ujue kuwa huo si udhaifu. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Holmes na Rahe, waliyapanga matukio ya maisha kwa uzito wake. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100, na talaka ikafuata kwa alama 73. Hata moyo wenyewe unaweza kudhoofika ghafla kwa huzuni. Hali hiyo ilielezwa Japani mwaka 1990, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Kwa hiyo maumivu ya kifua au kukatika pumzi usiyaite "mawazo tu". Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Nambari ya dharura hapa Oman ni 9999.

Lipo na la faraja. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa saikolojia Tedeschi na Calhoun walionesha kuwa wengi waliopita kwenye msukosuko mkubwa hukua: huona nguvu wasizozijua, huwa karibu zaidi na watu, hupata njia mpya, huyathamini maisha na imani yao huzidi. Ukuaji huo hauji kwa kujifanya hukuumia. Maumivu na kukua vinaweza kukaa pamoja.

Sasa ufanye nini?

1. Itumie eda kujiuguza. Kwa kawaida ni tohara tatu, miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, na kwa mjamzito mpaka ajifungue. Usiione kifungo. Lala na uamke kwa saa zile zile, na usiishi kwa chai na mkate tu.

2. Andika. Mwaka 1986 Pennebaker alichapisha utafiti wake wa watu walioandika machungu yao dakika 15 kwa siku 4 mfululizo; katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Andika kwa Kiswahili chako, kisha ukitaka uchane.

3. Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Wakati wa joto toka alfajiri, ufukweni Matrah au bustani ya Qurum, au zunguka ndani ya maduka makubwa.

4. Chagua masikio. Sisi tunajuana, na neno lililosemwa harusini Seeb jioni hufika Al Khoudh kabla hujarudi nyumbani. Watu wawili waaminifu wanatosha. Anayekuuliza "Kwani kulikuwa na nini?" mjibu, "Alhamdulillah, tumeachana kwa wema," na umalize.

5. Rudia ulichokiacha: leseni ya gari, masomo, biashara ya vitumbua. Fungua akaunti yako mwenyewe. Na kama uko hapa kwa viza ya mume, ulizia mapema habari za ukaazi wako.

6. Usikimbilie ndoa nyingine ili kuziba midomo ya watu. Na watoto msiwafanye matarishi baina yenu.

Nanyi kina kaka, mwanamme hana eda lakini ana moyo. Kushinda barazani na sigara na kukaa kimya si kupona.

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachi karibu kila siku, huna hamu ya kitu, huli, hulali, nenda kituo cha afya au kwa daktari wako, umwambie ukweli wote. Pengine atapima damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu nao huchosha. Ikihitajika atakupeleka kwa wataalamu, kama wa hospitali ya Al Masarra, Amerat, iliyofunguliwa mwaka 2013. Kwenda huko si wazimu. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kesho: mwambie mtu aliye karibu akupeleke sasa hivi.

Ndugu yangu, baada ya dhiki faraja, lakini faraja nayo huhitaji kufunguliwa mlango. Anza na moja kati ya hayo sita, leo.