Baba wa Zamu ya Usiku na Binti wa Hospitali

Kolwezi ni mji wa zamu. Tangu ulipoanzishwa mwaka wa 1937 kwa ajili ya kazi ya shaba, watu wa Musonoi, Kamoto na Luilu wamezoea kuishi kwa saa za kazi kuliko kwa saa za jua. Kila mama ajua desturi ya nyumba: baba akirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, watoto hutumwa kucheza mbali, redio huzimwa, na mgeni akibisha hodi huambiwa kwa sauti ya chini, "Mzee amelala, mrudi jioni." Hakuna amwitaye mvivu. Sote twajua ya kuwa mtu asiyelala ni hatari penye mashine.

Leo twapenda kuwauliza wazazi swali moja. Binti yenu asomaye uuguzi, akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku hospitalini, huambiwa nini? Katika nyumba nyingi huambiwa achote maji, awashe makala, afue nguo, kisha asonge bukari. Na mchana huohuo hutakiwa kuwa darasani.

Yafaa tuihesabu kazi yake kama tuhesabuvyo mshahara. Mwanafunzi wa daraja la A2 husoma uuguzi katika shule ya sekondari; yule wa A1 huingia chuo baada ya kupata diploma ya Serikali. Katika mpango mpya wa masomo ya juu, ulioenezwa vyuoni tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja una kredi 60, na kredi moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hivi, darasani na nje ya darasa. Zidisheni: mtapata saa 1,500. Zigawanyeni kwa majuma 30: ni saa 50 kila juma. Safari ya kwenda na kurudi haimo katika hesabu hiyo, wala foleni ya maji. Tena mgonjwa akizidiwa zamu inapokwisha, mwanafunzi mwema hamwachi.

Pengine mzazi atajibu: "Uchovu ni sehemu ya kujifunza. Sisi pia tulichoka." Ni kweli. Lakini natuutazame uchovu huo unafanya nini mahali pa kazi. Tuchukue kazi moja ambayo watu wengi huidharau, yaani kuitunza miguu ya wagonjwa.

Zipo nchi ambamo kazi hiyo ina shule yake. Katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, Afrika ya Kusini, vijana husomea magonjwa ya miguu kwa muda wa miaka 4. Kwetu Lualaba mwenye kidonda cha mguu humwendea muuguzi. Na vidonda vibaya kuliko vyote ni vile visivyouma. Ugonjwa wa sukari, na ukoma vilevile, huweza kuua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu hukanyaga msumari asisikie kitu. Huvaa kiatu chenye kijiwe ndani, akatembea nacho siku nzima. Kidonda huingia uchafu, huoza polepole, na mwishowe mguu hukatwa.

Muuguzi aliyefundishwa vema aweza kuzuia msiba huo kwa vyombo vichache sana. Humwomba mgonjwa avue viatu vyote viwili. Hutazama nyayo, visigino, na kati ya kila kidole na kidole. Humwambia afumbe macho, kisha hugusa wayo kwa uzi mgumu wa nailoni na kumwuliza kama amesikia. Huosha kidonda, hukausha, hufunga, na kumfundisha mgonjwa kujitazama miguu kila siku na kutotembea peku. Nchini Tanzania, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ulikuwapo mpango uitwao Hatua kwa Hatua uliowafundisha kazi hii waganga na wauguzi wawili wawili, mganga mmoja pamoja na muuguzi mmoja, kwa sababu mganga peke yake hatoshi.

Sasa mfikirieni mwanafunzi aliyekesha, akiwa mbele ya mgonjwa wa kumi. Macho yake ni mazito. Atazama vidole vinne, cha tano champita. Mgonjwa wa jino angelia, na kilio chake kingemwamsha muuguzi. Mgonjwa huyu hatalia, maana hasikii maumivu. Atashukuru, atavaa viatu na kwenda zake na kidonda chake. Kwa mgonjwa wa namna hii, macho ya muuguzi ndiyo maumivu yake. Yakisinzia, hakuna mlinzi mwingine.

Wala si maneno matupu. Mwaka wa 1997 wataalamu wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha ya kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi vibaya kama mtu aliyekunywa pombe kiasi ambacho katika nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Ni msimamizi gani wa mgodi angempa mlevi gari la kubebea mawe? Basi sisi twamtumaje mtoto wetu kwa wagonjwa katika hali hiyo?

Hatusemi mwanafunzi akae nyumbani kama mgeni. Twajua mama yu sokoni tangu asubuhi, na mikono ya binti yahitajiwa. Twaomba mambo machache tu. Wazazi, bandikeni ukutani karatasi ya zamu zake, na siku ya zamu ya usiku kaka zake wachote maji. Ndoo haichagui mvulana wala msichana. Nauli yake iwekwe mapema, asitembee usiku kwa miguu. Wanafunzi, msingoje juma la mtihani ndipo mkeshe. Someni kidogo kila siku, na mkilemewa mwambieni mwalimu kabla ya kosa, si baada yake. Nanyi walimu, msiweke mtihani asubuhi ifuatayo zamu ya usiku.

Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai. Kesho asubuhi binti akirudi kutoka hospitali na macho mekundu, fanyeni kama mfanyavyo kwa baba yake. Zimeni redio, tumeni watoto mbali, na mgeni akibisha hodi mwambieni kwa sauti ya chini: "Muuguzi amelala, mrudi jioni."