ALIITWA NAMBA 44, AKAJA KUTESA NA WAKALI!

KAMA unaye mshkaji pale Bariadi mjini anayejifanya anajua kila mpira unaochezwa duniani, mpige swali hili uone atakavyochemsha. Timu ina watu 18 uwanjani. Mpira umekaa kama yai. Goli lina nguzo nne na halina mtambaa panya. Ukipitisha kwa mguu katikati ya zile nguzo mbili ndefu unapata pointi 6; ukikosea ukapita pembeni, unapewa 1 ya kufutia machozi. Mchezo gani huo?

Atakwambia raga. Mwambie akae chini.

Huo ni mpira wa Kiaustralia, ambao wenyewe kule wanauita "futi" na wanauzimia kuliko kandanda. Unaruhusiwa kukimbia na mpira mkononi, ila kila baada ya mita 15 lazima uudundishe chini, na kwa umbo lile la yai kuudundisha ukakurudia mkononi ni kazi ya mwaka. Kumpasia mwenzako kwa mkono, unaupiga ngumi. Ukiurusha ni faulo. Mpira uliopigwa kwa mguu mita 15 au zaidi, ukiudaka kabla haujagusa chini, kila mtu anasimama unapiga bila bughudha. Ndiyo maana wanaruka hadi kupanda mabegani mwa wenzao, na refa anawaangalia tu. Uwanja nao ni wa duara refu, mwingine unafika mita 185. Ukitaka kuuchora Bariadi, sahau viwanja vya shule, nenda viwanja vya Nanenane Nyakabindi.

Sasa kijana tunayemzungumza leo ni mtoto wa huku huku Afrika Mashariki. Jina lake Aliir Aliir. Hapana, mchapaji hajarudia neno, ndivyo anavyoitwa.

Alizaliwa Septemba 5, 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Kambi yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu tangu ifunguliwe mwaka 1992, na familia yake ilikuwa imekimbia vita vya kusini mwa Sudan. (Kuna waandishi wa Kizungu wamekazania kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali popote". Kiswahili cha wapi hicho, jamani?) Akiwa na umri wa miaka kama minane familia ikapata nafasi ya kuhamia Australia, ikafikia Brisbane.

Hapa ndipo kasheshe inapoanzia. Wenzake kule mpira wa yai wanaupata mtoto akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Yeye alikuja kukutana nao akiwa mkubwa mkubwa hivi, tena katika jiji ambalo mabingwa wa mtaa ni watu wa raga. Kilichombeba ni urefu, anakaribia mita mbili, na mikono inayodaka. Akaangukia klabu ya Aspley hapo hapo Brisbane.

Kule mchezaji hachukuliwi na klabu kwa mjomba kumjua katibu. Kuna siku maalumu ya kuchagua. Timu iliyoshika mkia ndiyo inayoanza kuita jina, halafu inayofuata, hadi bingwa anakuwa wa mwisho, kisha wanarudia raundi nyingine. Kijana akifikisha miaka 18 anakodoa macho na kusubiri. Aliir alifikisha 18 mwaka 2012. Mwaka ukapita bila klabu ya ligi kuu.

Hebu fikiria kijana wa Maswa au Meatu angefanya nini hapo. Mashindano ya UMISSETA yameisha, shule imeisha, hakuna aliyekuona, na mtaani wameshaanza kukuita mzee. Wengi wanarudi kwenye pamba na ng'ombe wa baba, mpira unabaki wa Jumapili. Wengine, tusifichane, wanatafuta karatasi mpya ya kuzaliwa, mtu wa miaka 20 anageuka 16 ghafla na ndevu zake. Tunawacheka, lakini mimi nadhani tuwaulize kwanza ni mlango gani tuliowaachia wazi wakishavuka 18.

Aliir alihamia Perth, upande wa pili wa nchi. Kutoka Brisbane ni zaidi ya kilomita 3,500, yaani utoke Bariadi uende Dar, urudi, halafu uende tena. Akajiunga na East Fremantle inayocheza ligi ya huko magharibi. Mwishoni mwa 2013, akiwa na miaka 19, Sydney Swans wakamwita. Majina 43 yalikuwa yameshasomwa; yeye akawa namba 44.

Namba moja mwaka huo alikuwa Tom Boyd, mtu wa miraba minne, magazeti yakimwimba. Kumbuka jina hilo.

Usidhani 44 alipofika Sydney alivaa jezi akaanza kutesa. Msimu wa 2014 ukapita wote, 2015 ukapita wote, hajaonja mechi hata moja ya kikosi cha kwanza. Alikuwa anakula timu ya akiba huku anafundishwa ubeki. Tofauti na huku ni kwamba mkataba wa kwanza wa waliochaguliwa ulikuwa wa miaka miwili. Mtu alilipwa mshahara huku anajifunza. Benchi lenye mshahara, wewe, hilo nalo ni benchi?

Njia ilishafunguliwa na Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, mtu wa kwanza aliyezaliwa Sudan kuchaguliwa na klabu ya ligi kuu, North Melbourne, mwaka 2009. Naye alisota hadi 2013 ndipo akacheza mechi ya kwanza, na pigo lake la kwanza kwa mguu likawa goli!

Zamu ya Aliir ilifika 2016. Alipoingia hakutoka kirahisi; washambuliaji wanapigiwa mpira mrefu, wanaruka, wanakuta mikono ya dogo wa Kakuma imeshaudaka. Swans wakafika nusu fainali, wakawalaza Geelong. Katika mechi hiyo hiyo goti la Aliir likaumia.

Fainali ilikuwa wiki iliyofuata, Oktoba 1, 2016, Melbourne, watu 99,981 uwanjani. Yeye hakucheza. Swans walifungwa na Western Bulldogs, 89 kwa 67, na Bulldogs walikuwa hawajaonja ubingwa tangu 1954. Nani aliyewamaliza kwa magoli matatu, likiwemo moja la mbali lililowanyanyua watu vitini? Tom Boyd, namba moja yule yule, akiwa na miaka 21.

Mwaka 2017 Aliir alionekana uwanjani mara chache mno, watu wakaanza kunong'ona kwamba ndiyo basi tena. Mei 2019 aliyestaafu alikuwa Boyd, miaka 23 tu, baada ya kusema wazi kwamba mzigo wa mchezo ule ulikuwa umemchosha akili. Ilihitaji ujasiri, na hakuna wa kumcheka.

Aliir alihamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020. Mwaka 2021 kilipotangazwa kikosi bora cha wachezaji wa ligi nzima, kwenye safu ya mabeki alikuwemo namba 44.