Toronto au Montreal? Swali la Lugha Kabla ya Karo

Kwa kawaida matokeo ya mtihani wa KCSE hutangazwa mwezi wa Januari, na punde yatangazwapo huanza katika Kuresoi msimu usiohusiana hata kidogo na upanzi wa viazi. Mawakala wa masomo ya ng'ambo hufika Keringet, Olenguruone na Kiptagich wakiwa na vijitabu vya picha za majumba ya vioo, nao wazazi huketi kupiga hesabu. Zamani hesabu hiyo ilikuwa baina ya nchi na nchi: Marekani au Uingereza, India au Urusi. Siku hizi, hasa kwa wale walioelekeza macho Kanada, imekuwa hesabu ya mji na mji. Je, mtoto aende Toronto au Montreal?

Walimu wa sekondari ndio huulizwa swali hili kwanza, na majibu wanayoyatoa aghalabu ni yale yale ya vijitabu. Kodi ya nyumba ni nafuu zaidi Montreal. Ni kweli. Baridi ya Montreal ni kali kuliko ya Toronto. Hilo nalo ni kweli: wastani wa Januari huko hufikia nyuzi 10 hivi chini ya sufuri, ilhali Toronto, iliyo kando ya Ziwa Ontario, wastani ni nyuzi 4 hivi chini ya sufuri. (Asije mtu akadhani kwamba kupalilia viazi kwa sweta mbili kumemwandaa kwa hali hiyo.) Vyuo vya kusifika vipo pande zote mbili: McGill ya Montreal ilianzishwa mwaka 1821 na Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1827. Yote haya ni ya kweli, lakini yanastahili kufuata. La kutangulia ni lugha. Achaguaye baina ya miji hii miwili huchagua lugha atakayofanyia kazi, lugha watakayosomea wanawe, na lugha atakayoandikiwa barua na serikali. Kijitabu cha wakala hakilitaji jambo hili, kwa kuwa chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza.

Montreal imo katika jimbo la Quebec, ambalo lugha yake rasmi ni moja tu, Kifaransa. Hadi miaka ya 1970 ndio uliokuwa mji mkubwa kuliko yote Kanada, na ingawa wakazi wake wengi walisema Kifaransa, mabenki na makampuni makubwa yaliendeshwa kwa Kiingereza. Mwaka 1960 Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake walifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa isimujamii hulisoma. Walirekodi watu wenye kuzimudu lugha zote mbili wakisoma kifungu kimoja, mara kwa Kiingereza na mara kwa Kifaransa, kisha wakawataka wasikilizaji wawakadirie wasomaji hao kwa tabia zao: akili, uaminifu, hata kimo. Wasikilizaji hawakujua kwamba sauti mbili zilikuwa za mtu mmoja. Mtu yule yule aliposema Kiingereza alionekana mwerevu na mwenye hadhi zaidi. Na la kusikitisha ni kwamba waliomshusha aliposema Kifaransa walikuwa pamoja na Wafaransa wenyewe wa Montreal. Mwalimu wa Kiswahili asiyeona shule yake mwenyewe ndani ya jaribio hilo na alitazame tena.

Watu waliodharau sauti zao wenyewe mwaka 1960 walikuja kuandika sheria. Mnamo Novemba 1976 chama cha Parti Québécois chini ya René Lévesque kilitwaa serikali ya jimbo, na Agosti 1977 ikapitishwa Hati ya Lugha ya Kifaransa, inayojulikana zaidi kama Sheria ya 101. Kifaransa kikawa lugha ya kazi, ya biashara na ya shule. Watoto wa wahamiaji wakatakiwa kusoma shule za Kifaransa. Januari 1978 kampuni ya bima ya Sun Life ilitangaza kuhamishia makao yake makuu Toronto, ikiitaja sheria hiyo, wala haikuwa peke yake kuondoka. Mwaka 1995 wananchi wa Quebec waliulizwa kama wanataka kujitenga na Kanada. Waliokataa walipata asilimia 50.58 tu. Kisha mwaka 2022 ikaja Sheria ya 96 kuikaza ile ya kwanza: mhamiaji akishatimiza miezi 6 jimboni, ofisi za serikali sharti ziwasiliane naye kwa Kifaransa, isipokuwa katika mambo kama afya na usalama. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekwenda na familia yake anaweza kupata ruhusa mtoto asome kwa Kiingereza, lakini tangu sheria hiyo ya 2022 ruhusa ina kikomo cha miaka 3.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ukali wa bure. Mimi singetarajia kusikia hivyo kutoka Kuresoi. Hapa kwetu mnunuzi wa viazi husalimia kwa Kikipsigis, akabishana bei kwa Kiswahili, na akageuka kumnong'oneza mwenzake kwa Kikikuyu au Kikisii. Katika siku za amani huo ni utajiri. Lakini katika fujo za 1992, za 1997 na zile za 2007 na 2008, lugha hizo hizo zilitumiwa kumtambua nani ni wa hapa na nani ametoka kwingine. Kule Tinet, Waogiek wanajua maana ya lugha ndogo kubanwa na lugha ya jirani mwenye watu wengi. Kwa hiyo mtoto wa Kuresoi anapaswa kuuelewa woga wa Quebec, jimbo la watu wapatao milioni 9 walioko katika bara la mamia ya milioni ya wasemaji wa Kiingereza, bila kulazimika kuupenda.

Afrika Mashariki imewahi kuchagua baina ya miji hii. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada iliwapokea zaidi ya 6,000. Ndege za kuwachukua zilitua Montreal, na watu wakapelekwa kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, mjini humo humo, wakapewa makoti ya baridi na chakula, kisha wakaulizwa wangependa kwenda kuishi wapi. Baadhi walibaki. Wengi walipanda magari ya moshi na ndege kuelekea Toronto, Vancouver na miji mingine ya Kiingereza. Walikuwa wamepoteza maduka, nyumba na akaunti za benki. Mali iliyowabakia ilikuwa elimu yao na Kiingereza chao, nao wakaipeleka mahali ilipokuwa na thamani. Sidhani kama kuna ushauri bora zaidi uliowahi kutolewa juu ya suala hili.

Hebu sasa tumtazame msichana wa leo kutoka Sirikwa au Amalo anayetaka kuwa muuguzi, kwani uuguzi ndio ndoto inayotajwa mara nyingi zaidi siku hizi. Akienda Toronto, bodi ya wauguzi ya Ontario itamtaka athibitishe kwamba anamudu Kiingereza au Kifaransa, moja kati ya hizo. Akienda Montreal, sheria ya Quebec haimruhusu apewe leseni kamili ya taaluma kabla ya kuonyesha kwamba ana Kifaransa cha kutosha kwa kazi hiyo. Anaweza kusoma digrii nzima kwa Kiingereza pale McGill, akahitimu kwa sifa, na bado akasimama nje ya wodi. Na sheria haikosei hapo: mgonjwa mzee wa mtaa wa Hochelaga ana haki ya kueleza maumivu yake kwa lugha anayoumia nayo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba kwa kuwa chuo ni cha Kiingereza, basi na mji ni wa Kiingereza. McGill na Concordia ni vyuo vya Kiingereza, naam, lakini mwanafunzi hulala, hununua mkate na hutafuta kibarua nje ya lango. Madukani katikati ya Montreal wauzaji walizoea kumsalimu mteja kwa maneno mawili pamoja, "Bonjour-Hi", ili mwenyewe achague lugha. Novemba 2017 bunge la Quebec lilipitisha kwa kauli moja hoja ya kuwaomba wauzaji watosheke na "Bonjour". Oktoba 2023 serikali ya jimbo ilipotangaza kupandisha karo kwa wanafunzi watokao nje ya Quebec, sababu mojawapo iliyotajwa waziwazi ni kwamba Kiingereza kimezidi mitaani Montreal. Hata yule aliyepata A ya Kifaransa katika KCSE asijipige kifua mapema. Kifaransa cha Quebec hutamka t kama ts na d kama dz mbele ya irabu za i na u. Gari huitwa char, na duka la pembeni huitwa dépanneur. Miezi ya kwanza atadhani alifundishwa lugha nyingine.

Je, Toronto ndiyo peponi? Hasha. Kodi yake inaweza kumeza mshahara wa kibarua ukaisha kabla ya nauli. Na Kiingereza chake pia kina mlango wa siri. Karibu nusu ya wakazi wa mji huo wamezaliwa nje ya Kanada, hivyo lafudhi ya Kikipsigis haimshangazi mtu katika basi. Huanza kushangaza katika chumba cha mahojiano ya kazi. Kwa miaka mingi waajiri walidai "uzoefu wa Kanada", hadi Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ikatangaza mwaka 2013 kwamba sharti hilo kwa msingi wake ni ubaguzi. Tofauti ni kwamba mlango wa Toronto kijana wetu ana ufunguo wake nusu tayari mfukoni, ilhali wa Montreal itambidi achonge ufunguo mzima.

Hata hivyo wako ninaowashauri Montreal, tena kwa moyo mkunjufu. Mwanafunzi anayetaka kazi ya ukalimani, ya diplomasia, au ya mashirika yanayohudumu Kongo, Burundi na Sahel, hatapata shule bora ya Kifaransa kuliko mji unaokizungumza huku Kiingereza chake kikimlinda asife njaa. Na kuna jambo ambalo vijitabu havilijui kabisa: Kiswahili kitamfaa Montreal. Wakongomani wa Goma na Bukavu, pamoja na Warundi, wamo mjini humo, na wengi wao huzungumza Kiswahili pamoja na Kifaransa. Kijana wa Olenguruone asiyejua hata neno moja la Kifaransa anaweza kuelekezwa mahali pa kupanga nyumba na Mbukavu kwa Kiswahili chenye ladha nyingine, na akajifunza Kifaransa kupitia kwake. Mtu aliyekwisha kujifunza lugha tatu kabla ya miaka 15, kama walivyo watoto wetu wengi, haogopi ya nne. Anachohitaji ni muda, na aambiwe mapema kwamba muda huo utahitajika.

Muda ndio hakuna anayeuhesabu, ilhali fedha huhesabiwa hadi senti. Tangu Septemba 2025 Kanada humtaka mwanafunzi aendaye peke yake aonyeshe dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya, mbali na karo na nauli; Quebec yenyewe ina kiwango chake na hutoa cheti chake cha kumkubali mwanafunzi kabla ya kibali cha serikali kuu. Tangu Novemba 2024 mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 tu kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo mwenye kudhani atajilipia karo kwa kuosha vyombo hajapiga hesabu. Fedha hizo katika Kuresoi hazitoki benki. Hutoka katika bonasi ya chai, katika ng'ombe, katika harambee, na mwishowe katika shamba.

Na shamba la Kuresoi si shamba tu. Wapo waliofukuzwa Olenguruone kufikia mwaka 1950 kwa kukataa masharti ya serikali ya kikoloni; wapo waliochomewa nyumba mara tatu katika miaka 16 na wakarudi kujenga pale pale. Ekari moja inayouzwa ili mtoto akasome imeshikiliwa kwa gharama ambayo hakuna wakala aliyeiandika katika hesabu yake. Mzazi akiiuza kwa ajili ya digrii ya uuguzi Montreal bila kuambiwa habari ya Kifaransa, amedhulumiwa, hata kama kila risiti aliyopewa ni halali.

Ndiyo maana nasema swali hili ni la shule kabla ya kuwa la wakala. Kifaransa kimo katika orodha ya masomo ya KCSE, lakini shule nyingi za vijijini hazina mwalimu wake. Mwalimu mmoja akizunguka katika shule tatu au nne zilizo karibu angewapa wanafunzi nafasi ya kujua, kabla ya Kidato cha Nne, kama lugha hiyo inakubaliana na ulimi wao. Na kwa aliyekwisha kupata barua ya kukubaliwa, vyuo kadhaa huruhusu nafasi iahirishwe kwa mwaka mmoja mwanafunzi aombapo mapema. Mwaka huo unatosha kuanza masomo ya Kifaransa Nairobi, kufanya mtihani wa kwanza, na kuyaona matokeo yake kabla hati ya shamba haijabadilishwa jina.