Robine inang'aa, lakini mayi haitoki

Namna ya kuchagua robine ya lavabo na ya benwari bila kutupa mushahara

Ni siku ya posho, mushahara umeingia. Baba ametoka posti ya usiku, amelala kidogo, sasa iko pamoja na mama mu kenkayeri. Mbele yao kuko ubao muzima wa robine: za shingo ndefu kama ya bata, za mukono moja, nyeusi, za rangi ya zahabu. Mama anaonyesha ile inayong'aa kupita zote. Muuzaji anasema: "Hii njo ya mwisho, mama, hautarudia kununua ingine." Wanalipa, plombie anakuja kufunga. Wanafungua, na mayi inatoka kama uzi wa kushonea. Nyuma ya miezi michache inaanza kutona. Kiisha mukono unavunjika mu mikono ya mutoto.

Wengi wetu tunajua habari hii. Tunauliza paka: robine iko muzuri? Tunasahau kuuliza: mayi yetu iko namna gani? Robine yenye kufaa mu nyumba ya Brussels inaweza kukosa kufaa mu Kolwezi, hata kama ni ya bei kali. Na mutu anayeshuka mu mungodi ao anayepanda benne ya tani mia hana makuta ya kununua kitu kimoja mara mbili.

Anza ku nyumba, si ku duka

Nguvu ya mayi inaitwa presio, na inapimwa kwa bar. Mayi yenye kutoka mu sitene iliyowekwa juu ya nguzo iko na presio ndogo: kila metre 10 ya urefu inaleta bar 1. Maana yake, kama mayi ya sitene yako inasimama metre 3 juu ya robine, uko na bar 0,3 tu. Sitene inaweza kuwa ya litre 5.000, haibadilishi kitu: urefu njo unaleta nguvu, si unene.

Robine nyingi za kisasa za mukono moja, zile zenye kuchanganya mayi ya moto na ya baridi, zilitengenezwa kwa miji yenye presio ya bar 1 mupaka 5. Ukiifunga chini ya sitene ya metre 3, haina kosa lake ikitoa uzi.

Kuko namna rahisi ya kupima. Mbele ya kwenda ku duka, fungua tuyo ya bafu yote, weka ndoo ya litre 10 chini, angalia saa. Ikijaa mu dakika moja ao chini yake, unaweza kuchagua karibu robine yoyote. Ikipita dakika mbili, achana na shingo nyembamba na mukono moja. Chukua robine ya kuzungusha, yenye tundu kubwa. Ao kwanza upandishe sitene. Mara nyingine makuta ya nguzo inaleta faida kupita makuta ya robine.

Ya kuzungusha ao ya mukono moja?

Robine ya zamani, ile ya kuzungusha mara tatu ine, inafunga mayi na kipande ya mupira. Mupira ukichakaa, robine inatona. Lakini mupira ule ni bei ndogo, unapatikana ku soko, na mutoto mukubwa wa nyumba anaweza kuubadilisha na ufunguo moja. Kosa la watu wengi ni kukaza kwa nguvu wakati inatona: kukaza kunamaliza mupira mbio zaidi na kuharibu kiti chake.

Robine ya mukono moja haina mupira wa namna ile. Ndani kuko kartushi, na mu kartushi sahani mbili za seramiki zenye kuteleza moja juu ya ingine. Ni laini, inafunguka hata na kiwiko kama mikono iko na sabuni ao matope ya kazi, na muzee mwenye kuumwa vidole anaishukuru. Adui yake ni muchanga. Kila mara mayi inakatika na kurudia, inakuja kwanza na rangi ya kutu na punje ndogo. Punje zile zinakwaruza seramiki, na robine inaanza kutona bila dawa, paka kubadilisha kartushi nzima.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, uliza muuzaji akuonyeshe kartushi ya kubadilisha. Kuko za milimetre 35, za 40, na zingine. Kama hana ile ya robine unayoshika, na jirani yake pia hana, ujue unanunua robine ya kutupa.

Nyumbani, kama mayi imerudia, fungua kwanza robine ya lupango, iache itoe uchafu, kiisha ingia mu bafu. Kichungi kidogo ku mulango wa tuyo kinasaidia pia, lakini lazima kukisafisha.

Ujue mukuba wako

Hapa mufanyakazi wa mungodi hapaswi kudanganywa. Robine ya kweli inatengenezwa na leto, maana yake mukuba na zinki pamoja: mukuba karibu asilimia 60, zinki karibu yote yenye kubakia, mara nyingi na risasi kidogo ya kurahisisha kazi ya mashini. Ni vitu vya udongo wetu. Fuo ya Lubumbashi ilimwanga mukuba wa kwanza mwaka 1911. Mungodi wa Kipushi, wenye kujulikana kwa zinki yake, ulifungwa mwaka 1993 na ulirudia kutoa zinki mwaka 2024. Mukuba unaenda mbali, na robine inarudia mu kartoni.

Lakini mu kartoni zingine mukuba hauko. Kuko robine za zamaki, maana yake zinki nyingi na aluminio kidogo. Kuko pia za plastiki iliyopakwa kromo. Kwa macho zote zinafanana, sababu kromo inafunika kila kitu. Zamaki inafaa kwa mukono ao kifuniko, lakini mwili wa robine, pale mayi inapita kila siku, zamaki inalika pole pole na kupasuka ku meno ya vise.

Namna ya kutambua ni hii. Kwanza, pima mu mukono. Mbili za ukubwa sawa, ya leto ni nzito zaidi. Ya plastiki ni nyepesi na haina baridi ya chuma. Pili, igeuze, angalia chini na ndani ya meno, pale kromo haikufika. Ukiona rangi ya manjano, ni leto. Ukiona kijivu-jivu, ni zamaki. Musitegemee sumaku: haishiki leto, haishiki zamaki. Inakuonyesha tu kama ni feri iliyofichwa.

Kwa sababu ya ile risasi kidogo, kuko desturi moja nzuri: mayi iliyolala usiku muzima mu robine, musiipatie mutoto asubui. Iache itoke kidogo mu ndoo, itumike ku choo ao kwa kupangusa chini, kiisha chukua ya kunywa na ya kupika.

Ya lavabo

Hesabu matundu ya lavabo yako. Robine ya mukono moja inaomba tundu moja, karibu milimetre 35. Lavabo ya matundu mawili inaomba robine mbili za kuzungusha, moja ya moto, moja ya baridi. Watu wengi wananunua kwanza, kiisha wanaanza kutoboa, na lavabo inapasuka.

Pima pia shingo. Mayi inapaswa kuanguka karibu na katikati ya bakuli. Shingo fupi inafanya mikono kugonga ukuta wa lavabo. Shingo ndefu sana juu ya bakuli fupi inarusha mayi ku nguo. Na tuseme kweli: mu nyumba zetu lavabo si ya kunawa tu, tunajaza pale bidon na sufuria. Enda ku duka na kamba yenye urefu wa bidon yako.

Ya benwari

Mu manyumba ya zamani ya kompani kuko bado benwari kubwa za feri. Leo wachache wanaoga ndani. Nyingi zimekuwa sitene ya jamaa. Benwari inachukua kama litre 150. Na robine ya litre 12 ku dakika, inajaa karibu mu robo ya saa. Na ya litre 4, ni dakika 38. Kama kwenu mayi inakuja saa moja tu mu usiku, hesabu ile njo itakuchagulia robine: tundu kubwa, ya kuzungusha, bila kichujio chembamba ku mudomo.

Kwa robine ya ukuta yenye kuchanganya, pima katikati ya tuyo mbili: nyingi zinaomba milimetre 150. Tofauti ndogo inarekebishwa na vipande vya kupinda vyenye kuja mu kartoni; angalia kama viko ndani. Mayi ya moto ni upande wa kushoto. Na moto na baridi zitoke fasi moja: kama ya moto inatoka mu tuyo ya muji na ya baridi mu sitene, yenye nguvu itasukuma ingine, na mutoto anaweza kuungua.

Sasa neno ambalo wauzaji hawasemi. Duche ya mukono, ile yenye mupira murefu, musiiache ndani ya benwari yenye mayi. Siku mayi ya muji inakatika na robine imebaki wazi, tuyo inaweza kuvuta kurudia nyuma, inanyonya ile mayi ya kuoga na kuiingiza mu tuyo ya nyumba. Njo vile tifoide na kolera zinaweza kuingia mu nyumba safi. Mudomo wa robine ubaki juu ya ukingo wa benwari, na duche itundikwe ku ukuta. Na benwari yenye kujaa mu nyumba yenye mutoto mudogo ifunikwe, ao mulango ufungwe na ufunguo. Mutoto anazama mu mayi kidogo sana, bila kelele.

Nyuma ya kufunga

Omba plombie aweke vani ndogo ya kufunga chini ya kila robine. Bila ile, mupira moja ukiharibika nyumba nzima inakosa mayi.

Mayi ya Lubumbashi na Likasi inatoka sana mu mawe yenye chokaa; angalia ndani ya birika yako. Chokaa ile inaziba kichujio cha robine. Kifungue, kilaze usiku muzima mu vinegre ao mayi ya ndimu, kisugue na muswaki wa zamani. Musitumie asidi ya kazi: inakula kromo, inakula vidole.

Na robine yenye kutona musiizoee. Tone moja kila sekonde ni karibu litre 4 ku siku. Bidon ya litre 20 inapotea mu siku tano. Mama anayeamuka saa tisa ya usiku kungojea mayi anajua uzito wa bidon ile.

Kwa hiyo, siku ya posho yenye kuja, beba vitu vine: hesabu ya ndoo yako, vipimo vya matundu, kamba ya bidon, na macho ya mutu anayejua mukuba. Geuza robine, angalia meno. Kama ni manjano na kartushi ao mupira wake uko ku duka, lipa. Kama inang'aa tu, irudishe ku ubao.